Kwa Nini Dirisha Lina Michirizi Hata Baada ya Kufutwa

Kila mchirizi unaobaki kwenye dirisha ni kitu fulani kilichokuwa ndani ya maji: maji yakakauka, chenyewe kikabaki. Kinaweza kuwa sabuni, chumvi ya bahari, chokaa ya maji ya kisima, mafuta ya jikoni, au vumbi lililogeuka tope. Anayekimbilia kununua dawa nyingine ya kupulizia kabla hajajua ni kipi kati ya hivyo huongeza tabaka jipya juu ya la zamani, na dirisha huzidi kuharibika kila Jumamosi.

Kusafisha kioo ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuulegeza uchafu. Ya pili ni kuyaondoa maji yaliyoubeba kabla hayajakaukia palepale. Wengi hufanya ya kwanza kwa bidii, wakasugua hadi mkono ukauma, halafu ya pili wakaliachia jua. Karibu matatizo yote ninayoyaeleza hapa yanatokana na hilo. Nimeandika nikizifikiria zaidi nyumba za pwani, Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba, Mombasa na Malindi, kwa kuwa huko kioo kinashambuliwa kutoka kila upande: upepo wa bahari, maji ya kisima, vumbi la barabara na moshi wa mkaa. Aliye bara anaweza kuliruka suala la chumvi ya bahari. Mengine yote ni yake pia.

Soma alama kabla ya kushika ndoo

Kwanza ujue mchirizi uko upande gani. Jicho peke yake haliwezi kusema, ndiyo maana watu huzunguka ndani na nje wakifuta doa lililo upande wa pili. Dawa yake ni nyepesi: unapokausha, ndani vuta mkono kwa mlalo, nje vuta kwa wima. Jua likipiga, michirizi ya mlalo ni ya ndani, ya wima ni ya nje. Kama mnafanya kazi wawili, kubalianeni hivyo kabla ya kuanza.

Kisha tazama umbo lake. Ukungu mwembamba uliotanda kioo kizima, wenye weupe unaojitokeza jua likija kwa ubavu, mara nyingi ni sabuni iliyozidi au kitambaa chenye mabaki ya sabuni. Vidoa vya mviringo vyenye ukingo mweupe, mzito kuliko katikati, ni maji magumu. Tone linapokauka, ukingo hutangulia kukauka, maji ya katikati yanasogea kuelekea huko na kubeba madini yote, ndipo unapoona pete. Mstari mmoja mwembamba ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho ni kosa la ulimi wa mpira wa skwiza, kile kifaa cha kuvutia maji. Alama yenye rangi rangi, au inayosogea na kidole lakini haitoki, ni mafuta au silikoni, ile gundi ya kuzibia kingo za fremu. Mistari ya kahawia inayoteremka kutoka kwenye pembe ni vumbi la fremu lililolowa, likashuka wewe ukiwa umeshaondoka.

Usiku ni wakati mzuri wa uchunguzi. Zima taa, shika tochi ya simu karibu na kioo kwa ubavu, mwanga upite sambamba na uso wake. Ukungu ambao mchana hauonekani utajitokeza wote. Au pumulia kioo: kilicho safi hupata mvuke sawasawa na mvuke hupotea sawasawa, ilhali kilicho na mabaki huonyesha alama za vidole, mizunguko ya kitambaa, hata umbo la stika iliyobanduliwa zamani.

Bado una shaka? Bandika pamba iliyolowa siki juu ya doa kwa dakika 10. Doa likilainika, ni chokaa. Lisipobadilika, jaribu spiriti. Likitoka, ni mafuta au gundi. Likikataa vyote viwili, na ukucha ukipita hauhisi kitu chochote juu, huenda kioo chenyewe kimeliwa.

Sabuni nyingi ndiyo mkosaji wa kawaida

Kipimo kinachotosha ndoo ya lita 5 ni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, yaani mililita 5. Watu hushangaa, kwa sababu maji hayo hayatoi povu la kujaza ndoo. Povu hapa halina kazi. Sabuni inatakiwa itoshe tu kulegeza uchafu na kuufanya mpira uteleze.

Piga hesabu. Ukiminya chupa bila kupima ni rahisi kumwaga mililita 50 katika ndoo hiyo ya lita 5. Hiyo ni sehemu 1 kwa 100. Ukiacha mililita 30 za maji hayo zikaukie kwenye kioo kimoja, ambayo ni kiasi cha vijiko viwili vya mezani, umeacha karibu matone 6 ya sabuni yenyewe yamepakwa pale. Kwa kipimo cha kijiko kimoja cha chai, maji yaleyale yangeacha pungufu ya tone moja. Na sabuni iliyobaki haikai kimya: hunata, hushika vumbi, na mara ya pili ukilowesha hulainika na kuchanganyika na sabuni mpya.

Aina ya sabuni nayo ina neno. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani na kuuzwa kwa lita katika chupa zilizokwishatumika huosha vyombo vizuri, na sina ubaya nayo. Ila uzito wake mara nyingi hutokana na chumvi na unga wa CMC, na baadhi ya watengenezaji huongeza gliserini ili mikono isikauke. Vyote vitatu ni adui wa kioo. Chumvi huacha weupe, CMC hukauka kuwa utando, na gliserini haikauki bali hubaki na unyevu wake ikinasa vumbi. Ukiwa nayo hiyo tu, tumia nusu kijiko na usuuze kwa maji matupu. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa, kwa kuwa ina magadi soda na chumvi nyingine za kuijaza, ambazo hukauka nyeupe. Sabuni ya mche ni mbaya zaidi kwenye maji ya kisima: hukutana na kalsiamu na kufanya utando mzito usioyeyuka, uleule unaozunguka beseni la kuogea.

Jinsi ya kujua kama kioo chako kina akiba ya sabuni ya zamani: kiloweshe kwa maji matupu, kisugue kwa sponji ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Povu likitoka, jibu umelipata. Kwa kioo cha namna hiyo usiongeze sabuni tena. Weka kikombe kimoja cha siki nyeupe, mililita 250, katika lita 5 za maji, osha, vuta maji, rudia kwa maji mapya. Kwa kawaida duru mbili au tatu huondoa yote. Ndoo ikichafuka, mwaga. Kuosha dirisha la sita kwa maji ya dirisha la kwanza ni kuhamisha tope.

Maji yenyewe

Maji ya visima vingi vya pwani hupita kwenye miamba ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hubeba hewa ya ukaa, yakawa na asidi kidogo, yakayeyusha mwamba huo na kuubeba. Juu ya kioo mambo hugeuka: maji na hewa vikiondoka, chokaa hurudi kuwa chokaa. Ni yaleyale yaliyogandamana ndani ya birika lako la chai. Ukitaka kujua ugumu wa maji bila maabara, angalia birika kwanza. Kisha jaza nusu chupa ya plastiki maji hayo, ongeza vipande vichache vya sabuni ya mche iliyokwanguliwa, funga, tikisa kwa nguvu. Maji laini hutoa povu linalodumu. Maji magumu hutoa ukungu mweupe, na povu hukatika upesi. Kwa vipimo vya maabara, maji yenye zaidi ya miligramu 180 kwa lita, yakihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, huitwa magumu sana.

Huhitaji maji laini kwa kazi yote. Osha kwa maji uliyonayo. Laini yawe ya kusuuzia mwisho tu. Lita 2 katika chupa ya kupulizia hufika mbali sana. Maji ya mvua ni bora, ila yale ya mwanzo yanayosafisha bati yaache yapite. Chanzo kingine, ambacho watu wengi hukimwaga kila siku, ni maji yanayodondoka kwenye AC. Hayo ni mvuke wa hewa uliopoa, hayana madini karibu yoyote, na katika unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa AC moja hutoa lita kadhaa kwa siku. Yachuje kwa kitambaa kwa sababu hubeba vumbi na ute wa bomba, wala usiyanywe. Kwa kusuuzia kioo sijaona yanayoyashinda.

Chokaa iliyokwisha kuganda haitoki kwa kusugua kukavu, na anayejaribu kwa msasa au steelwire huikwaruza kioo milele. Pasha siki nyeupe ya asilimia 5 hadi iwe vuguvugu, lowesha karatasi laini, zibandike juu ya madoa, na uzidumishe zikiwa zimelowa kwa dakika 15. Siki hugeuza kaboneti kuwa chumvi inayoyeyuka, na utaona vipovu vidogo vya gesi. Sugua kwa sponji upande usiokwaruza, suuza, rudia. Tabaka la miaka halitoki kwa mara moja. Siki ikishindwa, yeyusha vijiko viwili vya mezani vya asidi ya sitriki ya unga katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Ndimu hufanya kazi hiyohiyo, lakini ina sukari na nyuzi, kwa hiyo usipoisuuza unaleta ukungu mpya.

Tahadhari moja ya lazima: asidi haichagui. Kizingiti cha terazo, marumaru ya asili, simenti au lipu ya chokaa kama ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, vyote vina kaboneti ileile unayoiyeyusha kwenye kioo. Tandika taulo lililolowa maji matupu chini ya dirisha, na suuza kizingiti mara moja kikidondokewa.

Chumvi ya bahari

Hii ndiyo inayowachanganya watu wa karibu na ufuo. Dirisha linafutwa mchana, linang'aa. Usiku lina ukungu. Asubuhi lina michirizi ambayo hakuna mtu aliyeipaka. Wanailaumu dawa.

Chumvi ya mezani hunyonya unyevu wa hewa na kuwa maji yenyewe kwa yenyewe pale unyevu unapofika karibu asilimia 75. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesiamu, ambayo hufanya hivyo mapema zaidi, kwenye karibu asilimia 33. Usiku wa pwani mara nyingi hupita viwango hivyo. Kwa hiyo chembe zilizobaki, hata zisizoonekana mchana, huyeyuka usiku, husambaa, hushika vumbi, na jua likitoka hukauka katika umbo jipya. Kitambaa chenye unyevu hakiondoi chumvi, huisambaza tu. Kinachoiondoa ni maji mengi yanayotiririka.

Basi kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, kitambaa kisiguse kioo kabla ya maji. Mwaga au pulizia maji matupu kutoka juu kwenda chini, fremu, wavu na nondo zikiwemo, hadi yateremke safi. Halafu ndipo sabuni ije. Faida nyingine ni kwamba chumvi na mchanga vikisuguliwa vikavu hukwaruza. Upande wa nyumba unaotazama upepo wa msimu, uwe kaskazi au kusi, ndio unaochafuka haraka. Huo usuuzwe kwa maji matupu kila wiki hata kama hukusudii kuosha kwa sabuni. Ni kazi ya dakika chache, nayo huokoa alumini pia, maana chumvi huila.

Kitambaa, gazeti na spiriti

Kitambaa kipya hakifai siku ya kwanza. Viwandani nguo hupakwa wanga au dawa nyingine ili zikae ngumu na zing'ae dukani, na kanga mpya ni mfano mzuri wa hilo. Kanga iliyofuliwa hadi ikachujuka, au fulana ya pamba iliyochakaa, hukausha kioo vizuri kuliko taulo jipya la bei. Maikrofaiba yenye uso laini, bila manyoya marefu, ni bora zaidi. Viwe viwili kwa uchache: kimoja cha kulowesha na kusugua, kingine kikavu cha kumalizia. Kile cha kumalizia kikianza kulowa, kimeacha kukausha na kimeanza kupaka. Kikunje upande mwingine au kibadilishe. Ukikikunja mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana unapata nyuso nane za kutumia.

Kinachoviharibu vitambaa hivi ni dawa ya kulainisha nguo. Hufanya kazi kwa kuacha utando wa mafuta kwenye nyuzi, na utando huo huhamia kwenye kioo. Vifue peke yake kwa sabuni kidogo, visuuze hadi maji yawe maangavu, vianike mahali pasipo vumbi.

Gazeti lina sifa kubwa, na sehemu ya sifa hiyo ni ya kweli: karatasi yake hunyonya maji na haiachi manyoya. Lakini wino hutoka kwenye mikono na kwenye fremu nyeupe, na karatasi za kung'aa za majarida hazinyonyi kabisa. Mimi naliona kama suluhisho la dharura.

Kwa dirisha la jikoni, ambako mafuta ya kukaangia hupaa na kuchanganyika na vumbi, sabuni ya kijiko kimoja haitoshi mwanzoni. Tumia maji ya moto kiasi mkono unachoweza kustahimili, ongeza sabuni hadi vijiko vitatu vya chai kwa lita 5, osha, halafu osha tena kwa maji ya kipimo cha kawaida ili kuondoa ile ziada. Mabaki ya mwisho yafute kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa, maana spiriti hushika moto kwa urahisi. Angalia spiriti unayonunua. Baadhi ya zile za kupaka ngozini zinazouzwa kwenye maduka ya dawa zina mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo hubaki kwenye kioo baada ya spiriti kuruka. Utafuta mchana kutwa bila kujua kuwa chupa ndiyo inayopaka.

Skwiza na makosa yake

Kwa kioo chochote kilicho kikubwa kuliko gazeti lililofunguliwa, kifaa cha mkono chenye ulimi wa mpira, ambacho wengi hukiita skwiza kama kile kikubwa cha sakafuni, hakina mshindani. Umbo lake la leo lilitokana na Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa Oakland, California, ambaye mwaka 1936 alisajili skwiza nyepesi ya shaba nyeupe yenye ulimi mmoja wa mpira unaobadilishwa. Hadi leo siri yote iko kwenye ulimi huo: ukingo wake uwe mkali wa pembe mraba.

Utaratibu ni huu. Sugua kioo kizima kwa sponji iliyolowa, pembe na kingo pia. Kwa kitambaa, kausha ukanda wa sentimita 2 juu kabisa na ubavuni unakoanzia, ili ulimi uanze mahali pakavu. Weka ulimi hapo, inamisha mpini upate pembe ya kama nyuzi 45 na kioo, vuta kwa mkandamizo uleule, futa ulimi kwa kitambaa kila baada ya mvuto mmoja, na mvuto unaofuata uingie juu ya uliotangulia kwa sentimita 3 hadi 5. Mwisho pitisha kitambaa kikavu kwenye kingo nne tu. Katikati usipaguse tena. Kishawishi cha kugusa katikati ni kikubwa, nacho ndicho kinacholeta alama.

Sasa makosa. Mstari mwembamba unaojirudia mahali palepale pa ulimi ni mkato au punje ya mchanga kwenye mpira. Pitisha kidole, futa, na kama mkato upo geuza ulimi upande wa pili au badilisha. Mpira ukilia na kuruka ruka, ukaacha mawimbi, kioo kimekauka mno au sabuni ni kidogo mno, au mpira umekauka kwa kuachwa juani, lowesha upya. Mistari miwili sambamba kwenye ncha za mvuto inatokana na ncha zilizochakaa, au mpira mfupi kuliko bati lake. Unatakiwa uchomoze kama milimita 3 kila upande. Maji yanayochuruzika kutoka juu baada ya kumaliza ni ule ukanda wa juu ambao hukuukausha, au raba ya fremu iliyonyonya maji. Hayo yasubiri dakika mbili, kisha yafute.

Jua ni la kupangia. Kioo chenye joto hukausha maji kabla mkono haujafika, na hapo hakuna ustadi utakaosaidia. Weka kiganja: ukihisi joto, acha. Madirisha ya magharibi yaoshwe asubuhi, ya mashariki alasiri baada ya saa 10. Upepo mkali wa mchana hukausha vilevile. Siku hiyo gawanya kioo nusu kwa nusu.

Luva, slaidi na vioo vya rangi

Luva hazitaki skwiza. Vipande ni vyembamba, kingo zake hukata, na vibanio vya pembeni hushika vumbi lililogandamana na unyevu. Vifungue vilale, pitisha brashi kavu kwenye vibanio kwanza, kisha shika kila kipande kati ya vitambaa viwili, mkono mmoja juu na mwingine chini, vuta toka katikati kwenda pembeni. Anza juu. Vaa glavu nene. Kipande kilichokwama usikilazimishe kutoka kwenye kibanio, hupasuka mkononi.

Dirisha la alumini la slaidi mara nyingi linaweza kuinuliwa: vuta jani juu kwenye mfereji, toa sehemu ya chini kwa ndani. Kwa ghorofani hii ndiyo njia salama ya kuosha upande wa nje, kuliko kutoa nusu ya mwili nje ya dirisha. Wawe watu wawili, kwa kuwa kioo kina uzito kuliko kinavyoonekana. Mfereji wa chini uufagie na kuusafisha kabla ya kioo. Ukiwa mchafu, kila upepo unarusha tope juu ya kazi yako. Alama za mafuta zinazorudi kila mara kando ya fremu kwa kawaida ni silikoni. Kitambaa kikiigusa, huisambaza kioo kizima. Tenga kitambaa cha kingo na kile cha katikati, visikutane.

Vioo vya buluu na kijani vinavyoakisi, vilivyoenea sana mijini, huonyesha kila mchirizi, na vingi vina utando wa kiwandani kwenye uso mmoja. Hapo hakuna wembe, hakuna unga wa kukwangulia, hakuna asidi kali. Palipobandikwa karatasi ya tinti ndani, hakuna dawa yenye amonia: sabuni kidogo, maji, kitambaa laini, basi. Wembe unaweza kukwangua rangi au gundi kwenye kioo cha kawaida ambacho hakina utando, kikiwa kimelowa, ukisukuma kwenda mbele tu bila kurudisha, lakini kwenye kioo kilichoimarishwa kwa moto uwe mwangalifu mno, maana chembe za tanuru zilizogandia usoni huburutwa na wembe na kuchora mistari.

Na kemikali zisichanganywe. Jik na siki hutoa gesi ya klorini. Jik na dawa ya kioo yenye amonia hutoa klorameni. Zote huumiza mapafu, hasa katika bafu dogo lililofungwa. Jik haina kazi yoyote kwenye kioo cha dirisha. Dawa za choo zenye asidi ya hidrokloriki nazo zisikaribie, zitaila alumini kabla hazijamaliza chokaa.

Pale ambapo si uchafu tena

Nyumba nyingi hupachikwa madirisha kabla lipu na rangi hazijakamilika. Simenti mbichi ni alkali kali, na maji yake yakidondoka kwenye kioo na kukaa, huanza kukiyeyusha chenyewe. Tone likioshwa saa ileile halina madhara. Likiachwa wiki kadhaa huacha kovu. Ndivyo ilivyo pia pale maji ya mvua yanapoteremka juu ya ukuta wa simenti na kupita kwenye kioo kilekile mwaka hadi mwaka, au bomba la bustani linapokirushia maji ya kisima kila jioni. Kwa fundi anayejenga, karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa selotepu juu ya kioo hadi kazi ya lipu iishe ni nafuu kuliko chochote kitakachofuata. Kwa mwenye nyumba, elekeza upya hilo bomba.

Kioo kilicholiwa utakitambua hivi: kikilowa kinaonekana safi kabisa, kikikauka ukungu unarudi mahali palepale na kwa umbo lilelile, na siki wala spiriti haibadilishi chochote. Ulikaji mwepesi unaweza kung'arishwa kwa unga wa oksidi ya seriamu uliokorogwa na maji hadi uwe uji mzito, ukisuguliwa kwa pedi ya sufi iliyofungwa kwenye mashine ya kasi ndogo, kioo kikilowa muda wote ili kisipate joto na kupasuka. Ni kazi ya saa nzima kwa eneo dogo, na kwenye vioo vyenye utando haifai. Mkwaruzo unaoshika ukucha hautoki kwa njia hiyo. Hapo pima upana na urefu wa kioo ndani ya fremu, angalia unene wake ukingoni kama ni milimita 4, 5 au 6, na umpelekee fundi vioo vipimo hivyo akukatie kingine.